Jinsi ya kutazama chembe za kupe zikimeza bakteria

Kabla hujashika kibano, jua kwamba kupe hana kingamwili. Mwili wake hautengenezi silaha maalumu kwa kila ugonjwa, kama wetu unavyofanya baada ya chanjo. Anategemea chembe za damu yake zinazomeza bakteria, pamoja na protini ndogo zinazowatoboa, kama difensini. Difensini hutaziona kwa hadubini, ila chembe utaziona, na mimi baada ya miaka kumi na mmoja ya kazi hii bado moyo hunidunda ninapoikuta moja imejaa vijiti vya zambarau, yaani bakteria waliotiwa rangi.

Chagua kupe jike aliyekula nusu shibe. Mwenye njaa hutoa tone dogo mno, na aliyeshiba kabisa hupasuka upesi. Atoke kwenye kundi lililolelewa maabara. Yule aliyeng'olewa kwenye ng'ombe au mbwa huenda ana vimelea tayari, basi ni hatari kwako na atakuvurugia majibu. Vaa glovu, na usimbinye kamwe kwa vidole.

Mlaze chali kwenye utepe wa gundi, mpanguse kwa alkoholi ya asilimia 70, uache ikauke. Tumia bakteria aina ya E. coli wa maabara wasio na madhara, uliowaua kwa joto na kuwazungusha kwenye sentrifuji hadi wakatuama. Chovya ncha ya sindano nyembamba kabisa kwenye mashapo hayo, kisha mchome pale mguu wa nyuma unapoungana na mwili. Ncha iingie kidogo tu. Ukizidisha utatoboa utumbo, na vilivyomo vitamwagika ndani ya damu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Wachome kupe wengine kwa sindano safi iliyochovywa kwenye maji ya chumvi yaliyotakaswa, na wengine usiwachome kabisa. Nilipoanza niliwaacha hao wa kulinganishia. Nikaona chembe zimeongezeka, nikampelekea mwalimu wangu daftari kwa furaha. Akauliza, "Na jeraha lenyewe limefanya nini?" Sikuwa na jibu, nikarudia kazi ya wiki tatu. Jeraha tupu huziamsha chembe. Bila kundi la maji ya chumvi, huwezi kusema lolote kuhusu bakteria.

Chukua damu baada ya saa 1, saa 6 na saa 24. Kata ncha ya mguu kwa mkasi mdogo, bonyeza mwili taratibu kwa kibano, tone litatokeza, lisilo na rangi kama maji. Liguse kwenye kioo na ulitandaze mara moja, maana chembe hugandana upesi. Njia hii ya kukata mguu aliieleza mtafiti Willy Burgdorfer mwaka 1970, akitafuta riketsia, bakteria wanaoishi ndani ya chembe. Uzuri wake ni kwamba kupe hubaki hai, na una miguu mingine ya kurudia.

Kioo kikikauka, kitie methanoli dakika 5, kisha rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa nusu saa. Suuza, kausha, tazama kwa lenzi ya 100 yenye mafuta.

Hesabu chembe 100 kwa kila kioo, uandike ngapi zimemeza. Wanafunzi wengi hukosea kwa kuhesabu bakteria aliyelala juu ya chembe. Zungusha kirekebishi cha hadubini polepole: aliyemezwa huonekana wazi pamoja na kiini cha chembe, na mara nyingi amezungukwa na duara jeupe. Ukisita, usimhesabu.

Kazi hii inachosha macho, lakini ina uzito. Kupe aina ya Dermacentor variabilis akidungwa Borrelia burgdorferi, bakteria wa ugonjwa wa Lyme, walio hai, huwaua na kuwamaliza. Ixodes scapularis huwaacha wakaishi, naye ndiye anayeueneza ugonjwa huo. Kwa hiyo usichanganye aina mbili kwenye jaribio moja, hata kama kupe wamekupungukia.

Mwishoni watumbukize wote kwenye alkoholi ya asilimia 70 na uwahesabu mmoja mmoja. Idadi isipolingana na ile uliyoanza nayo, funga mlango na mtafute aliyepotea kabla mtu yeyote hajatoka.