Mota ya sevo inachemka? Pitia haya kabla hujanunua nyingine

Wakuu, swali hili limekuja mara nyingi mno. Naliweka hapa, anayeuliza mleteni.

1. Pima kwa kipimajoto, siyo kiganja. Ganda la nyuzi 80 linaunguza mkono na mota inaweza kuwa salama. Koili zenye insulesheni ya daraja F huvumilia hadi 155.

2. Soma alamu. Ya mzigo kuzidi ni hesabu ya draivu (kifaa kinachoilisha mota umeme na kuiongoza), mkondo kwa muda. Ya joto hutoka kwenye sensa. Usizichanganye.

3. Futa vumbi na mafuta. Feni kama ipo, izunguke.

4. Breki. Hapa ndipo mota nzima hutupwa bure. Breki nyingi za kushikilia hufunguka kwa volti 24 DC. Kusikia "tak" hakutoshi: kebo ikiwa ndefu na nyembamba, paneli inasoma 24 huku mwisho zinafika pungufu, diski inaendelea kusugua, na mota inavuta mkondo kushindana na breki yake yenyewe. Pima kwenye plagi ya mota, breki ikiwa imeunganishwa. Ukiichomoa mkondo haupiti, volti hazishuki, na utadanganyika. ONYO: mhimili wa wima uegemeze kwa chuma kwanza. Breki ikiachia, mzigo unashuka na mkono wako.

5. Fungua kapling (kiungo cha mota na mashine), endesha mota tupu. Mkondo ukishuka, mkosaji ni mashine: beringi, mkanda uliokazwa mno, kapling iliyopinda.

6. Ukipima insulesheni kwa mega (kipimo cha volti kubwa), chomoa draivu na enkoda (sensa ya mzunguko wa mota) kabisa. Kabla ya hapo zima umeme, subiri kapasita zitoe chaji, hakikisha kwa mita.

MASWALI

— Mkuu yangu inachemka sana, msaada.
Namba 1 hadi 4. Rudi na volti.

— Nimepandisha kikomo cha alamu, sasa haipigi. Sawa?
Siyo sawa. Umenyamazisha king'ora, moto upo. Sumaku zikipita joto lake hupoteza nguvu, na hazirudi zikipoa.

— Kwa nini inachemka ikiwa imesimama?
Swali zuri. Tazama mkondo kwenye draivu. Ukitulia juu, mota inabeba uzito au inasukuma kizuizi. Ukitetemeka na mota inanguruma, punguza geini (ukali wa draivu kusahihisha mwendo). Joto la koili hufuata mraba wa mkondo: ongeza mkondo 20%, joto linalozalishwa linapanda 44%. Kwa mhimili wa wima, uzani wa kusawazisha husaidia kuliko feni.

— Yangu ilianza baada ya kuhamishiwa kwenye bamba jembamba.
Umeshapata jibu. Joto hutoka nje kupitia flenji, uso wa mota unaofungwa kwenye bamba. Viwango vya kiwandani hupimwa mota ikiwa kwenye bamba la alumini la kutosha. Weka bamba nene, kwaruza rangi panapogusana.

— Pini za breki ni zipi?
Mwongozo wa mota yako. Ukikisia ukapeleka 24 kwenye enkoda ya volti 5, utanunua enkoda.