Muuzaji wa Mnada wa Mtandaoni Anaponyamaza
Ukishinda mnada wa eBay, ukalipa, kisha muuzaji akanyamaza, usimbembeleze wiki nenda wiki rudi, kwa sababu siku za kudai zinahesabika hata asipojibu. Mwandikie mara moja, tena kupitia ukurasa wa oda yenyewe wala si WhatsApp, ili maneno yenu yabaki kuwa ushahidi. Tarehe ya mwisho ya kufikishiwa mzigo ikipita, fungua dai la kutopokea bidhaa ndani ya siku 30. Muuzaji hupewa siku 3 za kazi, na akiendelea kukaa kimya unaiomba eBay iamue. Aliyelipa kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, anazo siku 180 tangu alipe za kulalamika huko PayPal, ila lalamiko lisipopandishwa kuwa dai rasmi ndani ya siku 20 hufungwa lenyewe.

Sisi wa Dar es Salaam tuna mtego wetu: wengi huelekeza mzigo kwa wakala wa usafirishaji aliyeko Uingereza au Marekani, naye ndiye anayeuleta hadi Kariakoo. Ulinzi wa eBay haufuati mzigo ukishatoka kwa wakala huyo, kwa hiyo mwombe aufungue na akutumie picha siku hiyohiyo anapoupokea.