Kabla ya Kugusa Herufi, Tafuta Kasa Iko Wapi

Nachapa kazi za watu kwenye saiba hapa Kondele, Kisumu: sivii, barua za kuomba basari na, kila wiki bila kukosa, ratiba za mazishi. Nikisema kasa simtaji yule wa baharini anayetaga mayai mchangani. Ni ule mstari mwembamba uliosimama wima kwenye ukurasa wa Word, programu ya kuchapia, unaopepesa kama jicho. Herufi huingia pale unapopepesa, hata kama wewe unatazama kwingine.

Hilo nilifundishwa na mbuta, yule samaki wa ziwani. Alhamisi moja usiku nilikuwa na ratiba ya mazishi ya nyanya mmoja wa Seme. Nikasahihisha neno "Mchungaji" ukurasa wa 1, nikazungusha gurudumu la mausi hadi ukurasa wa 4 penye wasifu, nikaanza kuandika bila kubofya. Kumbe gurudumu husogeza ukurasa tu, kasa inabaki ulikoiacha. Ukigusa herufi ya kwanza, ukurasa unaruka kurudi kule. Sikuona, macho yalikuwa kwenye daftari la mteja. Nakala 80 zikatoka zimeandikwa: "Mahubiri: Mchungaji alipenda sana kukaanga mbuta na kuwagawia majirani." Karatasi nililipa mimi.

Kwa hiyo ukishafika ukurasa unaoutaka, bofya mara moja, uone mstari unapepesa, ndipo uandike. Ile alama inayokimbia pamoja na mausi siyo kasa. Na usibofye mara mbili juu ya neno: litafunikwa na rangi, na herufi utakayogusa italifuta lote. Likifunikwa, bonyeza mshale wa kulia rangi itoke. Ukichelewa, Ctrl+Z italirudisha.

Kuingia katikati ya herufi mbili ndogo kwa mausi ni kama kutunga uzi kwenye sindano wakati stima inakatika-katika. Bofya karibu, kisha malizia kwa mishale ya kibodi. Ctrl pamoja na mshale huruka neno zima. Kitufe cha Home hukupeleka mwanzo wa mstari, End mwisho wake. Ukiongeza Ctrl, ni mwanzo au mwisho wa kazi yote. Mteja akikukatiza ukapotea, Shift+F5 kwenye Word hukurudisha ulipokuwa ukirekebisha.

Sasa anwani ya kulia juu ya barua. Vijana huisukuma kwa kugonga nafasi mara thelathini, halafu wanashangaa mistari imepinda kama barabara ya kijijini. Bonyeza Ctrl+R, au kwenye Word bofya mara mbili pale patupu unapopataka, kasa itatua hapo. Ukurasa mpya ni Ctrl+Enter, si kugonga Enter hadi kidole kiume.

Wenye Writer ya LibreOffice, programu nyingine ya kuchapia: mkiona herufi mpya zinameza zilizo mbele yake, mmegusa kitufe cha Insert. Iguseni tena.