Gusa jelikoti pale chini, si ukingoni

Kabla ya kulaza faibaglasi juu ya jelikoti (tabaka la nje linalopakwa kwanza ndani ya kalibu), bonyeza kwa ncha ya kidole chenye glavu sehemu ya chini kabisa ya kalibu, kwenye kona. Ikinata lakini kidole kikitoka kikavu, anza kazi. Kikitoka na rangi, subiri. Kwa muda mrefu nilikuwa nagusa ukingoni tu, nikidhani kote kumeiva, kumbe mvuke wa stairini (kemikali inayotoka kwenye jelikoti) ni mzito kuliko hewa: hutuama chini na kuchelewesha kukauka. Ukiwahi kupaka resini (gundi ya kushikisha faibaglasi), stairini yake hupenya jelikoti mbichi, ikavimba na kujikunja kama ngozi ya mamba, na kasoro hiyo utaiona baada ya kutoa kifaa kwenye kalibu, wakati msasa hausaidii tena. Kalibu ikiwa na kina, ielekezee feni taratibu au iinamishe mvuke utoke.

Kipimo hiki hakikuokoi jelikoti ikiwa nyembamba mno. Lenga milimita 0.5 hivi ikiwa bado mbichi, upime kwa kitana cha unene, yaani kipimo chenye meno kinachochomekwa kwenye jelikoti mbichi. Wala usiiache muda mrefu kupita kiasi, itasinyaa na kubanduka yenyewe.