Kasuku Akigoma Kuatamia: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Mashine

Aliyezoea kuku huweka mayai kwenye mashine, husubiri siku 21, na kifaranga hutoka na manyoya yake, macho wazi, akaanza kudonoa. Kasuku mdogo wa Australia si hivyo. Kinda wake huanguliwa baada ya siku 18 hivi, uchi, macho yamefumba, uzito wake kama gramu mbili, na kichwa chenyewe kinamshinda kukiinua. Kwa hiyo jambo la kwanza kuamua ni nani atakayeamka saa nane usiku kumlisha. Kama hakuna, ni heri mayai yasiwekwe kwenye mashine kabisa.

Hakikisha pia kwamba jike amegoma kweli. Kasuku hutaga yai moja, hupumzika siku, hutaga jingine, na majike wengi hawatulii juu ya mayai mpaka yafike mawili au matatu. Yai ambalo halijapata joto huwa halijaanza kukua, na likikaa mahali penye ubaridi kiasi, si ndani ya friji, hudumu karibu wiki moja likiwa bado zima. Tumia siku hizo kutafuta sababu. Huenda sanduku la kutagia limewekwa penye njia na watoto wanachungulia kila mara, panya wanazunguka usiku, au utitiri umejaa kwenye mbao. Mpe mfupa wa ngisi apate chokaa. Ukimkuta amejikunyata sakafuni mwa tundu, manyoya yamemvimba na anakamua bila kutoa kitu, yai limemkwama: mayai mengine yasubiri, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Akishakataa kabisa, tafuta mama wa kambo kabla ya mashine. Hapa ndipo ningeweka nguvu zangu zote. Jozi nyingine ya kasuku wa aina hiyohiyo, yenye mayai ya umri unaokaribiana, mara nyingi hupokea mayai mageni bila shida. Yatie alama ndogo kwa penseli, na usiirundikie jozi moja makinda zaidi ya matano au sita. Jike huwalisha makinda wachanga majimaji mazito anayoyacheua, na hakuna unga wa dukani unaolingana nayo. Ulizia kwa wafugaji wenzako mapema, hata kabla ya ndege wako hawajaanza kutaga.

Kama mashine ndiyo njia pekee, iwashe siku nzima ikiwa tupu uone kama joto linatulia kwenye nyuzi 37.5, na uweke kipimajoto cha pili ndani, maana cha mashine hudanganya. Trei za mayai ya kuku ni kubwa mno kwa yai la kasuku. Tandika kitambaa kisichoteleza na ugeuze kwa mkono mara tano au zaidi kwa siku. Siku mbili tatu za mwisho acha kugeuza na uongeze unyevu. Siku ya saba mulika kwa tochi gizani: lenye uhai huonyesha mishipa myembamba myekundu iliyotandaa, na yai viza hubaki manjano tupu. Umeme ukikatika mtaani kwenu kila wiki, betri ya akiba ni lazima.

Kwa kinda mwenyewe, andaa boksi lenye joto la nyuzi 35 hivi kwa siku za mwanzo, ulipunguze kidogo kidogo kadiri manyoya yanavyoota. Sakafu isiwe na utelezi, miguu itatanuka na haitarudi. Unga maalumu wa makinda ya kasuku uwe mkononi kabla yai halijapasuka, kwa sababu si kila mji unauuza. Maziwa ya ng'ombe hayafai, ndege hawezi kuyameng'enya. Uji uwe na nyuzi 39 hadi 41, upimwe kwa kipimajoto na si kwa kidole, kwani ukizidi unaunguza gole, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni, na ukipoa chakula hukwama humo. Siku za kwanza ni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Lisha kwa kijiko kidogo kilichokunjwa kingo, tone kwa tone, umwache ameze mwenyewe. Ukimsukumia kwa sirinji kwa haraka, uji huingia mapafuni. Gole likibaki limejaa asubuhi, usiongeze chakula, mtafute daktari.

Macho hufumbuka karibu siku ya kumi na usingizi wako unaanza kurudi. Kuanzia wiki ya nne mwekee mtama na ulezi chini aanze kuchezea, lakini usimkatishe uji mpaka umwone akimenya mbegu mwenyewe na uzito wake haushuki, kwa kawaida wiki ya sita au zaidi.