Kupiga picha za mtaani kwa mtindo wa Daido Moriyama, kwa simu au kamera ndogo

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha kumi na tano WhatsApp na swali moja: "Shikamoo mjomba. Mbona zangu zinaonekana zimeungua tu, za Moriyama haziko hivyo?" Nilicheka, maana swali hilohilo lilishanikesha. Nilichomjibu ndicho hiki, nimekipanga kidogo.

Hatua ya 1: Mjue mtu mwenyewe

Daido Moriyama, mpiga picha wa Kijapani, alizaliwa mwaka 1938 Ikeda, mkoani Osaka. Mwaka 1961 alihamia Tokyo, akawa msaidizi wa mpiga picha Eikoh Hosoe, na kufikia 1964 alikuwa anajitegemea. Kisha likaja jarida la picha la Provoke, ambalo yeye aliingia kuanzia toleo la pili. Lilitoka mara tatu tu, kati ya 1968 na 1969, lakini mtindo wake unaigwa mpaka leo: are, bure, boke. Yaani picha yenye chenga, iliyotikisika, isiyo na fokasi. (Hiyo "bure" ya Kijapani haihusiani na yetu, ingawa mwanzoni nilipiga nyingi za bure kwa maana zote mbili.)

Kabla hujashika kamera, itafute picha ya mbwa koko aliyoipiga mwaka 1971 Misawa, mji wa kaskazini wenye kambi ya ndege za Wamarekani. Itazame dakika tano nzima. Giza lake ni zito kweli, lakini manyoya bado yanaonekana. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Hatua ya 2: Kamera

Iwe ndogo. Moriyama mwenyewe amefanya kazi miaka mingi na kamera za mfukoni, hasa Ricoh GR yenye lenzi ya milimita 28. Simu inatosha kabisa: tumia lenzi kuu, zima urembo wa uso, zima ile hali ya kufifisha nyuma. Mwenye lenzi ndefu kama bomba la maji mimi simshauri kitu, huyo anawinda.

Hatua ya 3: Fokasi

Usiitafute fokasi, iweke kabla. Kwenye GR kuna hali inaitwa Snap: weka mita 2, tundu la lenzi f/8, na kuanzia kama mita moja mbele yako hadi mbali sana kila kitu kinakubalika. Sasa unaweza kupiga kamera ikiwa kiunoni, bila kuchungulia, kama afanyavyo yeye. Wa simu hawana shida hii.

Hatua ya 4: Tembea

Tembea. Moriyama amezunguka Shinjuku kwa miongo mingi na bado anapata picha. Piga mabango, vioo vya maduka, miguu, mabomba, runinga iliyowashwa dirishani. Mtu akikataa, futa mbele yake na uombe radhi.

Hatua ya 5: Kugeuza nyeusi na nyeupe

Hapa ndipo usiku wangu ulipoishia, kwa hiyo nivumilie.

Kosa langu, na la mpwa wangu, lilikuwa kuvuta kontrasti (tofauti ya giza na mwanga) hadi mwisho halafu kushangaa. Nyuso nyingi za Moriyama ni za watu wa ngozi nyepesi, tena mara nyingi chini ya taa za usiku. Kipimo hicho ukikihamishia kwenye uso mweusi wa saa saba mchana, uso unazama, kinabaki kola ya shati.

Dawa ni kuamua rangi gani iwe kijivu gani *kabla* ya kugusa kontrasti. Ngozi yetu, hata iwe nyeusi tii, ina wekundu na uchungwa ndani. Kwenye Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, fungua zana ya nyeusi na nyeupe, kuna vichujio vya rangi. Chagua cha chungwa: ngozi inapanda, anga la bluu linashuka. Chekundu kinafanya hivyo kwa nguvu zaidi, ila angalia, khanga nyekundu itatoka nyeupe na midomo itapotea. Mimi ni wa chungwa, sibadiliki. Isipokuwa usiku chini ya taa za njano za barabarani: pale kila kitu kina uchungwa, kichujio kinainua vyote kwa pamoja na hujapata chochote. Acha bila kichujio.

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye ule mstari wa kupinda (Curves), unaopandisha na kushusha giza na mwanga. Shusha sehemu ya chini polepole huku macho yako yako kwenye nywele, upande wenye kivuli. Zikianza kuungana na ukuta wa nyuma, umepitiliza, rudi kidogo. Yale manyoya ya mbwa ndiyo kipimo. Kisha pandisha juu mpaka kitu kimoja tu, shati au taa, kiwe cheupe kabisa.

Chenga ni mwisho. Nilikuwa naziweka kwanza, kontrasti ikazikuza zikawa kama mchele. Na ukishaziweka usinoe picha tena. Halafu WhatsApp: inaibana picha na chenga zinageuka uji. Punguza picha kwanza, kama pikseli 1600 upande mrefu, ndipo utie chenga, kisha itume kama dokumenti. Picha za mpwa wangu, nusu ya tatizo ilikuwa hii tu.

Na kama ilipigwa vibaya tangu mwanzo, yaani uso wenyewe hauna mwanga, hakuna kichujio cha kuufufua. Siku nyingine gusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga.

Hatua ya 6: Chapisha

Usiishie kwenye simu. Mwaka 1974 Moriyama aliweka mashine ya fotokopi kwenye onyesho lake Tokyo, akawa anawatengenezea watu vitabu vya picha zake za New York palepale. Nenda steshenari, toa nakala kwenye A4 ya kawaida, nyeusi tupu. Muombe anayeendesha mashine aongeze weusi nukta moja. Atakuambia karatasi itachafuka. Mwambie sawa.