Sita au tisa: kupima masikio na kuizoea mashine ya sikio

Miaka 22 nimesaga posho, yaani unga wa mahindi, hapa Busia, upande wa Uganda, injini ya dizeli ikinguruma karibu na kichwa changu, na sikuwahi kuziba masikio. Uziwi haukuja kama kimya. Mteja alisema kilo sita, mimi nikampimia tisa. Sauti naisikia, ila neno linaniponyoka. Mke wangu akasema, "Baba, hawa watu hawakunong'onezi. Nenda ukapimwe."

Na wewe ukijikuta hapo, anzia kituo cha afya. Waombe wakuangalie ndani ya sikio, maana nta peke yake inaweza kuziba, na kuitoa ni kazi ya dakika chache. Usichokonoe kwa kijiti wala usimimine mafuta ya moto. Kama sikio moja limezima ghafla, kwa siku moja au mbili, usisubiri siku ya soko ipite. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa ya hali hiyo husaidia ikianza mapema. Waambie pia dawa ulizowahi kutumia, hasa sindano za gentamisini au za streptomisini, kwani zinaweza kudhuru usikivu.

Mimi niliandikiwa barua ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala, kitengo cha masikio, pua na koo. Kabla ya kipimo kaa mbali na kelele siku nzima. Sikio lililotoka kwenye injini huwa limechoka, na majibu yake yanadanganya.

Utakaa kwenye chumba kimya, uvae vifaa vya kichwani, ushike kitufe. Kila ukisikia mlio, hata uwe mdogo kama mbu wa nje ya neti, bonyeza. Usibahatishe ili uonekane mzima. Wanapima kila sikio peke yake, kuanzia sauti nene ya hezi 250 hadi nyembamba ya 8000. Halafu wanaweka kifaa kingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, wajue kama tatizo liko kwenye njia ya kupitia sauti au ndani kabisa ya sikio.

Majibu huchorwa kwenye chati: duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya bluu ni la kushoto. Omba nakala. Yangu ilianza vizuri kwenye sauti nene, ikafika 4000 ikazama hadi desibeli 60, yaani mlio ulihitaji ukubwa huo ndipo niusikie. Mtaalamu akanionyesha kwa kalamu: ndivyo kelele za miaka mingi zinavyokula sikio, na hapo ndipo zilipo sauti za s, t na f. Sita na tisa zina irabu zilezile. Ukikosa s na t, huna cha kuzitofautisha.

Kabla ya hapo nilikuwa nimenunua kifaa cha kusikilizia dukani bila kupimwa. Kilipandisha kila kitu, hata zile sauti nene nilizokuwa nazisikia vizuri, kichwa kikauma. Mashine ya sikio lazima ipangwe kufuata chati yako.

Siku niliyovaa ya kwelikweli, kavera, yaani mfuko wa plastiki, ilipokunjwa jikoni nilishtuka. Kitunguu kikikaangwa kilikuwa kama mvua juu ya bati, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nilitaka kuivua. Usiivue mapema hivyo: ubongo umesahau sauti hizo na unazijifunza upya, kwa wiki kadhaa. Siku za kwanza vaa kwa muda wa saa mbili au tatu, nyumbani, ukiongea na mtu mmoja. Ongeza kila siku. Soko na harusi viache vya mwisho. Lakini ikiumiza ngozi, au ikipiga filimbi hata baada ya kuikalisha vizuri, irudishe waitazame.

Betri zangu ni namba 13, zenye karatasi ya rangi ya chungwa. Ukibandua karatasi, subiri dakika moja au mbili hewa iingie ndipo ufunge. Moja hunichukua wiki moja, mara nyingine karibu mbili. Usiku fungua mlango wa betri, uiweke mashine kwenye kopo kavu. Isiguse maji. Kinuni naivua, navaa vizibo vya kelele.

Andika mahali inapokushinda, urudi na orodha hiyo. Mimi niliandika "msikitini sawa, stendi ya teksi hapana," na mtaalamu akairekebisha mashine kwa kompyuta pale nikiwa nimekaa.

Jioni mjukuu wangu hufunika mdomo kwa daftari, akasema sita au tisa, mimi nikaonyesha kwa vidole. Mwanzoni nilikuwa nakosa kama nusu. Sasa tunafanya redio ikiwa inaongea.